Ukuta Kwanza, Picha Baadaye: Tunajibu Barua Zenu za Sanaa ya Mtaani

Barua za mara hii zimetoka Manzese, Kibera, Temeke, Mji wa Kale wa Mombasa na kwingineko. Karibu zote zinauliza habari za picha, na karibu majibu yote yameangukia kwenye ukuta. Anayetafuta mawaidha kuhusu kipaji asubiri toleo jingine.

Rangi imebanduka kama ganda la yai

SWALI: Wahariri, hamjambo. Tumesikia kwamba Edward Saidi Tingatinga alichora kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, na picha zake zipo mpaka leo. Nasi tukanunua rangi ya mafuta, tukachora ukuta wa uzio mtaani kwetu, mita 12 kwa 2.2. Lipu ilikuwa na wiki tatu tu. Miezi mitano baadaye picha imebanduka vipande vipande, na chini kumejaa unga mweupe. Tumeuziwa rangi feki? – Kikundi cha vijana, Manzese, Dar es Salaam

JIBU: Rangi yenu huenda ni nzima kabisa. Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, rangi ile ya kung'aa aliipaka juu ya hadibodi, na hadibodi haina saruji. Ninyi mmeipaka juu ya lipu mbichi. Lipu mbichi ni kali, na rangi ya mafuta ina mafuta kweli. Vikikutana penye unyevu vinafanya kile kile wanachofanya kina mama wa vikundi vya sabuni wakichanganya mawese na kostiki. Yaani nyuma ya picha yenu pametengenezwa sabuni. Okoteni kipande kilichobanduka, kilowesheni upande wa nyuma, mkisugue kwa kidole gumba. Kikiteleza na kunata, mwacheni muuza rangi afanye biashara yake.

Unga mweupe ni shauri jingine. Hiyo ni chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini, yanayeyusha chumvi iliyomo kwenye tofali na mchanga, yanafika usoni mwa ukuta na kukauka, chumvi inabaki. Ikikaukia nyuma ya rangi inaisukuma nje. Wengi wakiuona unga huo huchukua mpira wa maji wakauosha. Ukuta unameta siku hiyo, lakini chumvi imeyeyuka na kurudi ndani, na baada ya wiki mbili iko pale pale. Isugueni ikiwa kavu, kwa brashi ngumu, muukusanye unga na kuutupa mbali. Msiuache chini ya ukuta, mvua itaurudisha. Rudieni kila baada ya wiki mbili mpaka mkipitisha kitambaa cheusi kitoke cheusi.

Kisha tafuteni maji yanaingilia wapi. Uzio mwingi wa mitaani hauna DPC (tabaka la kuzuia unyevu usipande) juu ya msingi, na juu umeachwa wazi, tofali linakunywa mvua kama sifongo. La juu linatibika: wekeni kofia ya zege yenye mteremko, itokeze sentimita 4 au 5 kila upande ili maji yadondoke mbali na picha. La chini halitibiki kwa bei ya kikundi cha vijana, kwa hiyo msishindane nalo. Sentimita 60 za chini ziacheni nje ya picha, mzipake chokaa tu. Hapo ndipo mvua inaporusha tope, ndipo watu wanapoegemeza mguu, na chokaa inaruhusu unyevu utoke. Kila masika ikiisha mnapaka tena kwa ndoo moja.

Kabla ya kununua chochote, pimeni ukuta kwa nailoni. Kateni kipande cha nusu mita kwa nusu mita, kibandikeni kwa tepu pande zote nne bila kuacha upenyo, mkiache saa 24. Mkikuta matone upande wa ndani wa nailoni, ukuta haujawa tayari. Lipu mpya isubiri siku 28 kwa uchache. Dar es Salaam miezi mizuri ya kazi hii ni Juni hadi Septemba, baada ya masika na kabla ya vuli.

Sasa hesabu. Mkiondoa sentimita 60 za chini mnabaki na mita 12 kwa 1.6, yaani mita za mraba 19.2. Kwenye lipu ya mkwaruzo, lita moja ya rangi ya maji hufunika kama mita 8 za mraba kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja. Ile 12 iliyoandikwa kwenye kopo ni ya ukuta laini kama kioo. Primer (rangi ya kwanza ya kushikilia zinazofuata) ya maji inayostahimili ukali wa saruji, mkono mmoja: lita 2.4, kwa hiyo kopo moja la lita 4 linatosha na kubaki. Nyeupe ya nje, mikono miwili: lita 4.8. Nunueni makopo mawili ya lita 4, zile lita tatu zinazobaki ndizo mtakazochanganyia rangi nyepesi. Halafu lita moja moja ya nyeusi, ya udongo mwekundu, ya manjano ya udongo, ya bluu na ya kijani. Zote ziwe rangi ya maji ya nje. Zile tyubu za kukolezea msizimimine kama pilipili: zikizidi sehemu 5 kwa 100 za rangi, ukuta hautakauka vizuri na utawaachia rangi kwenye nguo.

Kwenye daftari ni uso, ukutani ni boga

SWALI: Tunachora vizuri kwenye karatasi, lakini tukikuza ukutani nyuso zinapinda. Projekta hatuna. – Mchoraji, Mwanza

JIBU: Projekta haina kazi mchana, na usiku mtaani ina hatari zake. Tumia gridi. Tuchukue ukuta ule ule wa Manzese. Mita 12 kwa 1.6 ukiugawa kwa miraba ya sentimita 40 unapata miraba 30 kwa urefu na 4 kwenda juu, jumla 120. Kwenye karatasi kila mraba uwe sentimita 2. Unganisha A3 mbili kwa urefu, mchoro utachukua sentimita 60 kwa 8. Miraba ya kulala ipe namba, ya kusimama ipe herufi, kwenye karatasi na ukutani vilevile, la sivyo mtu wa kushoto atachora sikio kwenye mraba wa pua.

Mistari isipigwe kwa kufuata ukingo wa ukuta, kwa sababu kuta za mitaani hazijanyooka. Piga mstari wa kwanza wa kulala kwa pima maji, wa kusimama kwa timazi, mingine yote itokane na hiyo miwili. Uzi wa chaki unavutwa na watu wawili mpaka ulie, wa tatu anaunyanyua katikati, moja kwa moja kutoka ukutani, na kuuachia mara moja. Ukiunyanyua kwa upande unapata mstari uliopinda. Ukiuachia mara mbili unapata miwili, na hutajua upi ni upi. Chaki iwe ya bluu. Nyekundu haifutiki, itajitokeza juu ya kila rangi nyepesi mpaka uchoke. Makaa nayo yanachafua manjano ikawa kama maji ya mtaro.

Kosa linalopindisha nyuso ni kuchora mraba mmoja mpaka uishe ndipo uhamie wa pili. Weka kwanza alama pale tu mstari wa mchoro unapokata mstari wa gridi, kwenye uso mzima, kisha unganisha alama. Na kila baada ya robo saa vuka barabara uutazame ukiwa upande wa pili. Aliye sentimita 50 kutoka ukutani haoni uso, anaona shavu.

Ipo njia nyingine ya wenye simu nzuri: jaza ukuta michirizi na vialama vya ovyo visivyofanana, upige picha, kisha kwa programu ya kuhariri uuweke mchoro wako juu ya picha hiyo ukiwa nusu unaonekana. Unafuata simu: jicho liko juu ya kile kialama kama ndoana, mdomo unapita kwenye michirizi mitatu. Kwa ukuta wenye madirisha na mabomba ni bora kuliko gridi.

Mabati yanakataa rangi

SWALI: Sasa wandugu. Hapa Kibera tunaandika majina ya vibanda na ujumbe wa mtaa kwa mabati. Mabati mapya ndiyo yanatusumbua zaidi, rangi inatoka na kucha. Yale yamezeeka yanashika poa. Mbona? – Waandishi wa mabango, Nairobi

JIBU: Ni ndugu wa tatizo la Manzese. Mabati mapya yamefunikwa zinki, na kutoka kiwandani yanakuja na mafuta membamba ya kuyalinda. Mafuta hayo yanazuia rangi kushika, na hata ukiyaondoa, zinki yenyewe inagombana na rangi ya mafuta na kutengeneza sabuni palepale mpakani. Kwa mwezi wa kwanza kazi inang'aa na mteja analipa. Mwaka haujaisha, inatoka kama ngozi ya nyoka. Mabati ya zamani yameshapigwa na jua na mvua, mafuta yametoka na uso umekwaruzika.

Osheni kwa maji ya sabuni na brashi, suuzeni. Pakeni siki kwa kitambaa, iache dakika 10 hadi 15, suuzeni tena vizuri, yakauke. Mng'ao ukipungua na uso ukawa kama wa kijivu, yako tayari. Baada ya hapo primer ya mabati mapya, kisha rangi ya maji ya nje. Ile primer nyekundu ya kutu ni ya penye kutu tu, baada ya kusugua kwa brashi ya waya. Angalieni vichwa vya misumari, kutu huanzia hapo na kuchuruzika juu ya herufi.

Saa za kazi: umande ukishakauka mpaka kabla mabati hayajawa kikaangio. Weka kiganja uhesabu mpaka tano. Ukikiondoa kabla ya tano, rangi itakauka juu kabla haijashika chini.

Halafu herufi. Wimbi moja la mabati ya kawaida lina upana wa karibu sentimita 7.6. Mguu wa herufi ulio mwembamba kuliko nusu ya wimbi ukiangukia bondeni, mpita njia anayekuja kutoka pembeni hauoni. "M" inakuwa "I I". Nene zote zikae mgongoni mwa wimbi, brashi iende juu na chini, na maneno yawe machache. Vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 zilipowaka, Solomon Muyundo, anayejulikana kama Solo7, alizunguka Kibera akiandika ujumbe wa amani kwenye kuta na mabati: maneno mawili matatu, herufi kubwa, basi. Sentensi ndefu ni ya karatasi.

Pindo la kanga ukutani

SWALI: Habari za kazi. Sisi ni kina mama wa kikoba, tunataka ukuta wa ofisi yetu uwe kama kanga, na jina lake pale chini. Hakuna kati yetu anayejua kuchora. – Temeke

JIBU: Kazi njema, mama zetu, na kutojua kuchora si kikwazo. Kanga ina pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina. Pindo ni kitu kimoja kinachojirudia, na kinachojirudia ndiyo kazi ya stenseli, kiolezo kilichokatwa matundu ya umbo. Katieni kwenye filamu ya X-ray iliyokwisha kazi, loweka kwanza kwenye maji yenye jiki ili ile picha nyeusi itoke, vaeni glavu. Manila inalowa baada ya kupigwa mara kumi, filamu inafika mara mia. Kipande kimoja cha pindo, tuseme korosho na vidoti vyake, kiwe sentimita 30, na mkate alama mbili za tundu pembeni zinazoangukia juu ya kipande kilichotangulia, ndipo pindo litanyooka. Pimeni urefu wa ukuta kwanza. Ukiwa mita 4.4, vipande vya 30 vitabaki na kipande kisichotimia kwenye kona. Fanyeni sentimita 29.3 vitimie 15.

Herufi za A, B, D, O, P na R zina tumbo, na tumbo litadondoka mkilikata lote. Acheni daraja la milimita 5 juu na chini. Kimo cha herufi: sentimita 10 husomeka vizuri mtu akiwa mita 12 hivi. Ofisi yenu ikiwa barabarani, fanyeni 15. Na jina lipimwe kwa kamba kabla ya kukata. Majina ya kanga ni mafupi kwa makusudi, ila mengine yana mafumbo ya kugombanisha majirani. Ofisi ya kikoba mchague kwa uangalifu.

Rangi isipakwe, igongwe. Kateni godoro kuukuu vipande, chovya kidogo, gongeni kwanza kwenye ubao mpaka kipande kibaki nusu kikavu, ndipo kiende ukutani, kwa kugonga tu, bila kuburuta. Inayovuja chini ya stenseli si rangi nyepesi peke yake, ni rangi nyingi. Mikono miwili hafifu inashinda mmoja mzito. Futeni nyuma ya stenseli kila baada ya kugonga mara tano.

Mji wa Kale

SWALI: Twataka kuchora majahazi kwenye ukuta wa nyumba ya zamani, Mombasa. Twahitaji rangi gani? – Vijana wa Mji wa Kale

JIBU: Kabla ya rangi, ruhusa. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na ofisi yake ya uhifadhi iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kwa wasomaji wa Zanzibar, Mji Mkongwe una mamlaka yake. Kuta hizo ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zinavuta pumzi. Mkizifunika rangi ya plastiki au saruji, unyevu unakosa pa kutokea na lipu inaanguka kwa mabamba, pamoja na jahazi lenu. Chokaa iliyoloweshwa ikakaa, ikachanganywa na rangi za oksidi zisizozidi sehemu 10 kwa 100 za uzito wa chokaa, inafaa. Bluu kali hamtaipata. Kama mwaitaka, chorani kwenye plaiwudi ya majini ya milimita 12, mzibe kingo zake zote kwa rangi, mkaitundike ikiwa imeachana na ukuta sentimita 2 au 3, nayo pia kwa ruhusa.

Rangi ya kupuliza

SWALI: Chata langu, yaani jina ninalopuliza ukutani, linachuruzika, na nikimaliza kichwa kinauma siku nzima. – Mbeya

JIBU: Linachuruzika kwa sababu umesimama. Mkono uanze kwenda kabla ya kubonyeza na uendelee baada ya kuachia, sentimita 10 kwa mstari, 20 na zaidi kwa kivuli. Tikisa kopo dakika mbili kamili tangu uisikie gololi ikicheza. Ukimaliza, pindua kopo juu chini ubonyeze mpaka itoke gesi tupu, la sivyo kesho kichwa chake kimeziba. Kopo la mililita 400 linafunika kama mita mbili za mraba tu, kwa hiyo kupuliza ukuta mzima ni kuchoma pesa. Jaza kwa rola na rangi ya maji, kopo liwe la mistari na vivuli.

Kichwa kinauma kwa sababu unavuta kiyeyusho. Barakoa ya kitambaa, na ile ya hospitali, zinazuia vumbi tu, mvuke unapita. Unahitaji barakoa ya mpira yenye chujio la mkaa la mvuke na la chembe kwa pamoja. Ukianza kusikia harufu ukiwa umeivaa, chujio limekwisha. Makopo yasiachwe juani wala ndani ya bajaji iliyofungwa. Yakipita nyuzi 50 yanaweza kulipuka.

Watoto wa shule wanaweza kusaidia?

JIBU (kwa mwalimu wa Morogoro): Ndiyo, na wanafanya vizuri kuliko wakubwa wakipewa kazi yao. Chora mistari, andika namba kwa chaki ndani ya kila eneo, na kila kopo liwe na namba yake. Wasipande zaidi ya kimo cha kifua chao, na rangi iwe ya maji. Kukwangua rangi kuukuu ya mafuta wasikuguse kabisa: nyingi ya zamani ina madini ya risasi, ambayo Kenya na Tanzania siku hizi zimeyawekea kikomo cha sehemu 90 kwa milioni. Mkubwa aikwangue ikiwa imeloweshwa, vipande vidakwe kwenye turubali.

Picha imefunikwa na tangazo

SWALI: Tulichora ukuta wa duka kwa idhini ya mwenye duka. Mwaka haujafika, kampuni moja imepaka tangazo juu yake. Tuna haki gani? – Nakuru

JIBU: Swali la kwanza ni kama mwenye duka ndiye mwenye nyumba. Idhini ya mpangaji haitoshi, na hapo ndipo vikundi vingi vinapojikwaa. Pili, mlikuwa na karatasi? Kwa neno la mdomo hamna mtakalomwonyesha mtu.

Karatasi yenyewe ni ya ukurasa mmoja: vipimo vya ukuta, nakala ya mchoro, muda wa picha kukaa (ombeni miaka 2 au 3), nani ananunua rangi, nani anarekebisha ikiharibika, na notisi ya siku 30 kabla ya kufunikwa ili mpate kuipiga picha. Asaini mwenye nyumba, mashahidi wawe wawili. Wasomaji wa Tanzania mpitie kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa, mpate mhuri. Na kwa wa Kenya kuna kifungu wengi hawakijui: kazi ukiagizwa na mtu, sheria ya hakimiliki inahesabu kwamba haki imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Hivyo andikeni vingine. Mstari mmoja unatosha: hakimiliki ya mchoro inabaki kwa kikundi.

Majirani nao waonyesheni mchoro wenyewe, wenye rangi, mkubwa. Mkiwaeleza kwa mdomo "tutachora mwanamke na ndoo", kila mmoja atakubali mwanamke wake, na siku ya ufunguzi ndipo ugomvi unaanza.

Vanishi juu ya picha?

JIBU (kwa watatu waliouliza): Ya samani hapana, inageuka njano. Ya akriliki ya nje sawa, kwenye ukuta mkavu tu. Haitazuia waridi na zile rangi za kuwakawaka zisipauke. Hizo ndizo za kwanza kwenda. Udongo mwekundu, manjano ya udongo na nyeusi zitawazika nyote.

Ukuta wenye X

SWALI: Ukuta mzuri kuliko yote mtaani kwetu uko barabarani, ila una X nyekundu. Tukiifunika kwa picha kuna ubaya? – Mbagala

JIBU: Msiiguse. Hiyo X imewekwa na watu wa barabara, na ukuta huo uko kwenye hifadhi yao. Lita nane za nyeupe zitakwenda bure, na tingatinga litakalofika hapo halitakuwa la kuchora.